Siku Walipokata Minyaa

Mama mkwe wangu alikuwa anatembea mtaani kwa mkono. Jicho la kushoto lilikufa kabla mimi sijaolewa, kwa ule ugonjwa wa kope kugeukia ndani ambao uliwapata wanawake wengi huku kwetu Singida. La kulia lilibaki na mwanga kidogo. Alijua kumekucha, alijua mtu amesimama mlangoni, lakini hakujua ni nani mpaka huyo mtu aongee. Hata hivyo hakushikwa mkono na yeyote. Alitoka nyumbani, akaweka kiganja cha kulia juu ya ua wa minyaa, akaufuata. Ua ule ulianzia kwenye kona ya nyumba yetu, ukapita mbele ya majirani, ukazunguka jiwe kubwa ambalo wanawake tulianikia mtama, ukaishia kwa mama mmoja mpika pombe, karibu na kisima. Njia nzima mkono wake haukuachana na minyaa. Mgeni angedhani ni mzee anayejipapasia miti kwa furaha yake.

Minyaa, kwa asiyeijua, ni mti wa vijiti vya kijani vitupu, kama vidole. Mbuzi hauli. Ukiugusa tu haukudhuru. Ukiuvunja unatoa utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo ukiingia jichoni, jicho linawaka kama limetiwa kaa la moto. Ndiyo maana kwetu mtu hakati minyaa kimya kimya. Anapiga debe, anaita, "Minyaa inakatwa huku!" Watoto wanaingizwa ndani. Akimaliza anamwaga majivu na udongo kwenye kila mahali alipokata mpaka pakauke. Hakuna aliyetufundisha darasani. Mimi darasani nilifika la pili, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Hili tulizaliwa tukalikuta.

Nilipoolewa pale, mtaa wetu ulikuwa mjini kwa jina tu. Nyumba zilikuwa matembe, yale ya paa la udongo lililo bapa. Ng'ombe walilala ndani pamoja nasi, kuku vilevile. Kabla ya mvua wanawake tulipanda juu ya paa kulikandika upya, leo kwa huyu kesho kwa yule, na mwenye nyumba anapika togwa. Mama mkwe hakuweza kupanda, lakini alikaa chini akakanyaga udongo kwa miguu, na udongo ukiwa mwepesi alijua kwa nyayo. "Huu ni uji," alikuwa anasema. "Mnataka kunipikia au kunijengea?"

Basi uhuru ukaja, tukaupigia vigelegele, na miaka michache baadaye ukafika mpaka mtaani kwetu. Ulifika na watu wa kupima. Waliweka mawe madogo meupe ardhini, wakatuambia hapa ni barabara, hapa ni kiwanja. Nyumba ya mama mpika pombe ilikuwa nusu kiwanja, nusu barabara. Kisha balozi wetu wa nyumba kumi akatukusanya. Alikuwa mtu wa hapohapo, tembe lake lilikuwa nyuma ya letu.

"Ndugu zangu," akasema, "mji unataka kuwa mji. Anayetaka kubaki hapa aezeke bati kabla ya mvua za mwaka kesho. Ng'ombe watoke. Asiyeweza atapewa kiwanja kule mbali, au arudi shamba tukajenge taifa."

Mama mpika pombe akauliza, "Na pombe?"

"Pombe itapikwa kwa kibali."

"Kwa hiyo mtakunywa kibali," akamjibu. Watu wakacheka. Balozi naye akacheka, maana alikuwa mteja.

Lakini hatukucheka muda mrefu. Ukitazama nyuma unaona mtaa ulivyotoka kama meno ya mzee, moja, kisha la pembeni yake. Wa kwanza kuondoka walikuwa wale wenye ng'ombe wengi. Nyumba zao zilibomolewa, zikaja za matofali, na ndani yake wakaja watu wa maofisi wenye viatu vya kamba. Wote walituita ndugu. Ndugu, msitwange alfajiri, watoto wanalala. Ndugu, moshi wenu unaingia kwetu. Karibu na kisima likawekwa bomba, kisima kikafukiwa. Maji ya bomba yalikuwa mazuri, siyakatai. Lakini bomba lilikuwa na foleni, na kwenye foleni ile ukimwamkia mtu shikamoo anakutazama kama umemwomba kitu.

Mume wangu alikuwa kibarua wa barabara. Alimwambia mama yake, "Mama, twende Mtinko kwa wajomba. Huko kuna ardhi."

Mama mkwe alikuwa anachambua mboga. Hakuinua uso. "Mtinko nitatembea na nini?"

"Tutakushika mkono."

"Mimi si mtoto wa kushikwa mkono. Hapa najua kila jiwe. Nikienda pengine nitakaa kama mtungi, mnanijaza, mnanimwaga. Mkitaka kwenda, nendeni. Niachieni huyu mkeo anionyeshe chumvi ilipo, mengine nitajua."

Mume wangu akatoka nje. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema ng'ombe watauzwa, bati litapatikana. Ng'ombe wale ndio aliotegemea kumlipia mdogo wake mahari. Waliswagwa mnadani, na mdogo wake hakuja kwetu tena mpaka msiba.

Paa la udongo likashushwa. Kuta za tembe ni fupi, hazikujengwa zibebe bati, kwa hiyo mume wangu aliziongeza kwa tofali mbichi, akapiga chokaa mbele, upande wa barabara tu. Bati lilipokaa, mama mkwe aligonga ukuta kwa fimbo, akasikiliza, akasema, "Nyumba imevaa kofia ya Mzungu, na miguu haina viatu." Lakini alifurahi. Alikuwa amebaki kwake. Asubuhi iliyofuata aliweka mkono kwenye minyaa akaenda kwa mama mpika pombe kumtangazia kwamba sisi tumeezeka.

Mama mpika pombe hakuezeka. Yeye barabara ilimpitia katikati, angeezeka nini? Alipewa kiwanja kule mbali, akakikataa, akaamua kwenda Mtinko, maana huko ndiko kulikokuwa kwao. Siku aliyopanga kuondoka ilikuwa Jumapili. Mama mkwe alisema atakwenda asubuhi mapema kumuaga, na mimi nimwandalie unga wa uwele ampe wa njiani.

Wiki hiyohiyo balozi alipita na habari kwamba kiongozi mkubwa anakuja kuutembelea mji. Minyaa yote ya kando ya barabara iondolewe, inafuga nyoka na inaonekana kama porini. Kazi itafanyika Jumatatu, kila nyumba ikate upande wake. Tukasema sawa. Ilituuma, lakini tukasema sawa. Niliweka majivu ya wiki nzima kwenye debe, tayari kwa Jumatatu. Nilikuwa nimewaza pia kwamba nitamfungia mama kamba kutoka kona ya nyumba mpaka mahali pa bomba, aishike badala ya ua.

Katikati ya sisi na mama mpika pombe alikuwa anakaa karani wa bomani. Alikuwa mtu wa mbali, kijana mpole, mkewe mpole zaidi. Karani hakutaka kungoja Jumatatu. Alitafuta vibarua wawili, nao wageni kama yeye, Jumamosi jioni wakakata minyaa yote ya mbele ya nyumba yake. Hawakuing'oa. Waliikata kwa panga usawa wa kiuno, wakasema mashina watayang'oa kesho, wakaenda zao. Sisi tulikuwa tukitayarisha shamba, tulirudi kwa njia ya nyuma. Hakuna debe lililopigwa. Hakuna majivu.

Jumapili kulipopambazuka mama mkwe akachukua kikapu chake cha unga, akaweka kiganja juu ya ua, akaenda.

Alisema baadaye kwamba aliona ua umekuwa mfupi, akafikiri ni yeye amekosea mahali. Akapapasa zaidi. Akapapasa mbele, akarudi nyuma, akitafuta pale anapopajua. Kila alipogusa palikuwa na kidonda cha mti kinachotoka maziwa. Akahisi mkono umelowa, akafikiri ni umande. Na upepo wa Singida mnaujua, hauna likizo. Vumbi likamwingia jichoni, lile jicho la kulia. Akalifuta kwa mkono.

Mimi nilisikia kelele. Sijawahi kumsikia mama mkwe akipiga kelele, hata alipofiwa. Nilikimbia na mtoto mgongoni. Nilimkuta amepiga magoti, unga umemwagika, anajisugua kwa mikono yote miwili, na kila akijisugua anajipaka zaidi.

"Usisugue! Mama, usisugue!"

"Nimetiwa moto! Nani amenitia moto?"

Kwa desturi yetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa. Sikuwahi kukaa naye jamvi moja. Siku ile nilimkalia kifuani, nikaibana mikono yake kwa magoti yangu, nikatoa titi, nikamkamulia maziwa jichoni. Hiyo ndiyo dawa tuliyoijua. Nilikamua la kulia likaisha, nikakamua la kushoto. Mtoto mgongoni analia, mama chini yangu analia. Mke wa karani alitoka na kanga yake kichwani, akatuona, akashika mdomo.

"Mama mtoto, kuna nini? Anaumwa kifafa?"

"Leta maji," nikamwambia. "Mengi. Na usishike huo mti."

"Mti gani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Akaitazama minyaa yake iliyokatwa, mashina yote yana ncha nyeupe bado zinavuja. Akasema, "Mimi nilifikiri ni mti tu." Alileta maji ndoo baada ya ndoo mpaka balozi alipofika. Sitamsingizia mwanamke yule. Alilia kuliko mimi.

Hospitali walilisafisha jicho, wakalifunga, wakatoa dawa ya kupaka. Baada ya wiki walifungua bandeji. Daktari akamwuliza anaona nini. Mama mkwe akasema, "Washa taa kwanza." Ilikuwa saa sita mchana, dirisha liko wazi.

Mume wangu alikwenda kwa balozi. Nilimfuata kwa sababu nilizijua hasira zake. Alimkuta anakunywa chai.

"Wewe ulipita pale Jumamosi," mume wangu akasema. "Uliwaona wanakata."

"Niliwaona."

"Ukaona hawana majivu."

"Niliona."

"Ukanyamaza."

Balozi akaweka kikombe chini. "Sasa mimi," akasema, "nimwambie mtu wa bomani namna ya kukata minyaa? Mtu aliyesoma? Nilidhani anajua. Nilidhani ana dawa yake ya kisasa."

Mume wangu alikuwa amekwenda pale kupiga mtu. Aligeuka akarudi nyumbani. Na mimi nasema mpaka leo, karani yule sina neno naye. Alikuja na mkewe, wakaomba radhi, wakaleta sukari na kitenge. Lakini yule wa kwetu, aliyezaliwa katikati ya minyaa kama sisi, aliona haya kumwambia mtu mwenye kalamu kwamba mti unaunguza. Wakati ule tulikuwa wengi namna hiyo. Tuliamini aliyekuja kutufundisha maendeleo amekwisha kujua na yetu.

Kiongozi alikuja, akapita kwa gari, vumbi likatanda, akaenda. Mashina yaling'olewa. Mahali pa ua wa karani ukapanda ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu, na geti la chuma, na mbwa. Na jirani wa pili naye akajenga wake. Tembe la mama mpika pombe lilikwisha kuwa barabara.

Mama mkwe alikaa ndani. Ile kamba niliifunga kweli, kutoka kona yetu mpaka bomba. Ilikaa siku chache tu, jirani akaifungua, akasema inamzuia kufungua geti. Nikaifunga tena, ikafunguliwa tena. Mvua zilipoanza, bati likapiga kelele mpaka mtu unamfokea aliye pembeni yako. Kwenye tembe mvua ilikuwa kimya, ulikuwa unamsikia hata panya. Sasa mama hakuona, na ikinyesha hakusikia. Alikaa kitandani ameshika ukuta. Nikiingia bila kumgusa alishtuka.

Siku moja mvua ilipokatika alitoka bila kuniambia. Nadhani alitaka kujaribu. Alifuata ukuta wa karani kwa kiganja, ukuta una joto na mikwaruzo, akafika kwenye geti, mbwa akamrukia kwa ndani. Akarudi nyuma hatua kadhaa, na mkono ukakosa cha kushika. Nilimkuta katikati ya barabara amesimama wima, mikono mbele, lori limesimama karibu naye, dereva amechungulia nje.

"Bibi, umekunywa?" dereva anamwuliza. "Mchana huu?"

Watu kwenye foleni ya bomba wakacheka. Hawakumjua. Hilo ndilo lililonikata maini. Miaka ya nyuma katika mtaa ule hata mbuzi walimjua.

Nilimshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza, na hakuuondoa. Tulipofika ndani akasema, "Mwite mwanangu."

Mume wangu akaja.

"Nipelekeni Mtinko."

"Mama!" Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache, siku hiyo yalimtoka. "Mama, ng'ombe nimeuza kwa ajili ya hili bati. Mdogo wangu hasemi na mimi kwa ajili ya hili bati. Ulisema hutoki hapa. Nyumba hii ni yako, nimekubakizia."

"Umenibakizia nyumba," akasema. "Nimeshaipapasa yote, ipo. Lakini mimi sikuwa nakaa ndani ya nyumba. Nilikuwa nakaa kule nje, na kule nje hakupo tena. Hapa nimekuwa mtungi, mwanangu. Kama ni kuwa mtungi, kawekeni mtungi karibu na watu."

Mume wangu alilia. Nilitoka nikawaacha.

Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamishwa vijijini. Wengine walibebwa kwa malori kwa nguvu, wameacha mtama haujakomaa. Sisi tulikwenda wenyewe, na waliotuona walituona wendawazimu, mtu kuacha nyumba ya bati mjini. Nyumba aliichukua mtu wa maofisi. Alibomoa kuta zetu, akaacha bati. Kabla hatujaondoka nilikwenda nyuma ya ofisi moja ambako minyaa ilikuwa bado imesalia, nikakata vipandikizi. Nilipiga sufuria, nikaita, "Minyaa inakatwa huku!" Hapakuwa na mtoto wala mtu, watumishi walichungulia dirishani wakatikisa vichwa. Nikamwaga majivu, nikaenda.

Kijijini viwanja vilikuwa vimepangwa mistari. Mama mpika pombe alikuwa mstari wa pili, nyumba kadhaa kutoka kwetu. Alipomwona mama mkwe aliweka chini ndoo yake, akaja akamshika uso.

"Wamekufanya nini?"

"Wamenistaarabisha," mama mkwe akasema. "Una togwa?"

Nikapanda vile vipandikizi, kimoja kimoja, kutoka mlangoni kwetu kuelekea kwake. Mwenyekiti wa kijiji akaja. "Mama, hapa ni ujamaa. Hakuna ua. Tumekuja kuishi pamoja, unamzibia nani?"

"Simzibii mtu," nikamjibu. "Hii ni njia."

Akanitazama, akamtazama mama mkwe kwenye kigoda mlangoni. Akaenda. Baadaye mkewe aliniletea maji ya kumwagilia, na wakati ule maji yalikuwa ya kutafuta.

Mvua ya mwaka ule haikuja. Ndipo tulipokula yale mahindi ya njano ya msaada, yanayofungisha tumbo. Minyaa haijali ukame, lakini haikui upesi. Kila asubuhi mama mkwe aliniuliza, "Imefika wapi?" Nami nilichukua mkono wake, nikauweka juu ya mche wa kwanza. Sikujua kama ataogopa. Hakuogopa. Alipapasa ncha taratibu kama mtu anayemkagua mtoto mchanga, akauambia mche, "Wewe hukunikosea."

Ilipofika usawa wa goti hakutaka kungoja zaidi. Mama yule siku zote alikuwa akitembea wima, hata na mzigo. Sasa aliinama mpaka mgongo ukawa kama meza, mkono chini, akausogeza kutoka mche hadi mche. Mimi nilitembea nyuma yake, mikono yangu nimeifunga mgongoni nisije nikamshika. Alichukua muda mrefu. Alifika kwa mama mpika pombe, akapiga hodi kwenye nguzo, akapewa kigoda. Hakukuwa na togwa, nafaka ilikuwa haitoshi hata uji. Mwenyeji alileta maji, wakakaa nayo.

Alikwenda hivyo siku chache. Kisha miguu ikavimba, kama ilivyovimba miguu ya wazee wengi mwaka ule, akalala, asiamke tena. Shemeji yangu, yule aliyekosa ng'ombe, alikuja kuzika. Yeye na mume wangu walichimba kaburi pamoja bila kusemezana, mmoja akichoka anampa mwenzake jembe.

Ua ulikuwa bado wa goti.